Antony Hafoki

Juzi mzazi mmoja alikuja kutazama mazoezi, akanivuta pembeni: "Mwalimu, mbona huyu kijana haongei kwa nguvu? Si mnafanya Shakespeare?" Maneno hayo nayasikia kwa wazazi, kwa waandishi wa habari, na kwa wanafunzi wapya wanaoingia darasani wametunisha vifua, mkono mmoja juu. Nimechoka kuyajibu mlangoni, basi nayajibu hapa.

Kusikika ni lazima. Pumzi ishuke tumboni, mabega yatulie, shingo isikazwe, konsonanti zitoke wazi. Hayo ni mazoezi ya kila asubuhi, na hakuna hata moja linalohitaji kelele.

Chukua Juliasi Kaizari, tamthilia ya Shakespeare katika tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, tendo la tatu, onyesho la pili: mazishi ya Kaizari. Brutus, mmoja wa waliomuua Kaizari, amekwisha kusema na umati uko upande wake; sasa ni zamu ya Antony, rafiki wa marehemu. Shakespeare alimpa Brutus nathari, yaani lugha isiyo ya ushairi, akampa Antony ushairi. Hilo peke yake linatosha kipindi kizima. Antony anapanda kwa ruhusa ya waliomuua rafiki yake, anawaomba watu wamsikilize. Anayeomba kusikilizwa na watu wasiomtaka hafoki. Anataja mateka ambao fidia zao zilijaza hazina ya Roma, anataja taji lililokataliwa mara tatu, na kila mara anarudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima. Mara ya kwanza ni adabu. Baadaye ni swali. Mwishoni umati wenyewe hauwezi tena kulivumilia neno hilo. Kisha anasema moyo wake umo jenezani na Kaizari, ananyamaza, na watu wanaanza kusemezana, wameshageuka. Mwanafunzi aliyeanza kwa kufoka hana pa kupanda, na akinyamaza watazamaji wanadhani amesahau maneno.

Ninalohangaika nalo zaidi ni neno la mwisho la mstari. Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, halafu sauti inashuka. Mwanafunzi anashuka nayo na kulimeza neno lililobeba hoja yote. Walimu wa Uingereza wana mstari wao wa silabi 10 na mapigo 5, na wanasisitiza mwisho wa mstari uinuliwe. Je, mdundo huo tuubebe hadi kwenye Kiswahili? Nina shaka kubwa. Nikiwapigia makofi kwa mapigo hayo, wanasikika kama gwaride. Nikiuacha kabisa, ushairi unageuka maongezi ya barazani. Kwa sasa nawafundisha walifuate wazo hadi nukta na wavute pumzi pale wazo linapogeuka. Wenzangu waliolelewa na mashairi ya mizani wanapinga, na sijapata hoja ya kuwashinda.

Sasa maleba, yaani mavazi ya jukwaani. Roma imekuwa shuka nyeupe begani, basi! Tamthilia hii ilitazamwa London na msafiri Thomas Platter mnamo Septemba 1599, wakati waigizaji walipanda jukwaani zaidi kwa mavazi ya zama zao. Maandishi yenyewe yana kofia, na yana saa inayogonga mara tatu, ambayo Roma ya kale haikuwa nayo. Mbunifu wa mavazi anayeanza na shuka hajasoma.

Aanze na joho la Kaizari. Antony analiinua na kuonyesha matundu kwa mpangilio: hapa kisu cha Cassius, hapa Casca, hapa Brutus, wauaji watatu. Vidole vya mwigizaji lazima vijue njia, kwa hiyo joho linahitajika mazoezini tangu mwanzo. Polista inateleza na haikai na tundu. Tunatumia pamba nzito. Kingo za matundu tunazipaka gundi ya mbao zisiendelee kuchanika, na nyuma yake tunashonea kitambaa chekundu ili mtu wa safu ya mwisho aone. Tundu la Brutus linakuwa kubwa kuliko yote, na mkono ukipita humo mwigizaji hana haja ya kuongeza sauti, kwa sababu ukumbi mzima umeshatazama pale anapotaka.

Ndiyo maana darasani kwangu mbunifu haji wiki ya mwisho na mfuko wa nguo. Anakaa nasi tangu siku ya kusoma tamthilia mezani, na mwigizaji akibadili mkono wa kulishikia joho, matundu yanapimwa na kushonwa upya.