-me- inayowaponza wanafunzi wa Kiingereza

Vijana ninaowafundisha Kiingereza hapa Bagamoyo wengi wao wanatembeza wageni Mji Mkongwe na kwenye magofu ya Kaole. Msamiati wanao: "door", "mosque", "grave", "ivory", wanayataja bila kusitasita. Kinachowaangusha ni vitenzi, na nikifuatilia nakuta mara nyingi chanzo ni -me- yetu.

Chukua mzee aliyejilaza barazani. Mgeni anamuulizia, na wewe kichwani una "amelala", basi unajibu "He has slept." Mgeni ataelewa kwamba mzee keshapata usingizi wake, sasa yu macho. Wakati huohuo anamsikia anakoroma! Sema "He is sleeping."

-me- ina kazi mbili. Kuna kitendo kilichokwisha, kama "jahazi limefika", na hapo "has" inakaa sawasawa: "The dhow has arrived." Halafu kuna hali ambayo mtu ameingia na angali yumo: amekaa, amesimama, amevaa kanzu. Hizo Kiingereza huzisema kama mambo yanayoendelea: "He is sitting", "He is standing", "He is wearing a kanzu." Nyingine hugeuka sifa tu: amechoka ni "He is tired", amekasirika ni "He is angry", chupa imejaa ni "The bottle is full."

Kipimo ninachowapa ni neno "bado". Ukiweza kusema "bado amekaa" au "bado amekasirika", achana na "has". "Bado jahazi limefika" haisemeki, kwa hiyo "has" ibaki.

-li- haina ujanja wa namna hiyo. Ukishataja mwaka, "has" na "have" zinatoka: "Chuma and Susi brought Livingstone's body here in 1874." Wapo wanaochomeka "have brought" wakidhani inaongeza usomi; inaharibu. Kazi iliyopo hapa ni maumbo yenyewe: "bring" inakuwa "brought", "come" inakuwa "came", "build" inakuwa "built". Hakuna kanuni moja ya kukuokoa. Lakini usijitese na orodha nzima ya kitabuni, kariri vitenzi vilivyomo kwenye maelezo unayotoa kila siku. Anayetembeza watu Kaole anahitaji "built" na "left" kuliko "sang".

Suala la "he" na "she" mimi silikazii sana mwanzoni. A- yetu haibagui mume wala mke, na mgeni akisikia "my wife, he is cooking" atatabasamu, ila atakuelewa.

-ja- nayo mara nyingi huenda na "has" au "have": boti haijaja, "The boat has not come yet." Hiyo "yet" iweke mwisho wa sentensi. Usiitangulize kama tunavyoitanguliza "bado".