Mwalimu Mgeni Nchini Japani: Makato ya Pensheni na Malipo ya Mkupuo

Tangu Bunge la Japani lipitishe marekebisho ya sheria ya pensheni Juni 2025, walimu wa kigeni wanatuuliza mengi, na wengi huanza na lalamiko lilelile: "Nimekatwa bila kuulizwa." Ni kweli hukuulizwa. Mchango wa pensheni ya waajiriwa si hiari, na kuwa mgeni hakukuondoi humo.

Kiwango ni asilimia 18.3 ya daraja la mshahara wako, nusu yako na nusu ya mwajiri. Aliye daraja la yeni 300,000 anakatwa yeni 27,450 kwa mwezi, na mwajiri anaweka kiasi hichohicho. Daraja hupangwa kwa wastani wa malipo ya Aprili, Mei na Juni, likaanza kutumika Septemba. Makato yakipanda ilhali mshahara ni uleule, angalia kwanza kama ulilipwa saa za ziada miezi hiyo mitatu.

Inayoleta ugomvi zaidi ni kodi ya wakazi. Hukokotolewa kwa mapato ya mwaka uliotangulia na hukatwa kuanzia Juni, hivyo aliyefika karibuni haioni. Mwaka wa pili anapiga simu akidai mhasibu wa shule amemwibia. Hajaibiwa.

Waajiri wengi hufuata sheria. Kwa wasiofuata: tangu Oktoba 2024, kampuni yenye wanachama 51 au zaidi wa bima hii ya pensheni inapaswa kumwandikisha hata anayefanya kazi saa 20 kwa wiki kwa mshahara wa yeni 88,000 au zaidi kwa mwezi. Ule mkataba wa saa 29 na nusu kwa wiki, uliotungwa ili mwalimu abaki nje, hauikingi tena kampuni ya ukubwa huo. Adhabu ya mwajiri ni kifungo kisichozidi miezi 6 au faini isiyozidi yeni 500,000, na michango huweza kudaiwa hadi miaka 2 nyuma. Ikidaiwa, nusu yako nayo imo.

Sasa mkupuo, yaani malipo ya mara moja anayopewa mgeni anayeondoka Japani kwa michango aliyotoa. Anayeondoka akiwa amechangia angalau miezi 6, na hajafikisha miaka 10 inayompa haki ya pensheni yenyewe, anaweza kuomba ndani ya miaka 2 baada ya kuacha kuwa na anwani Japani. Toa kwanza taarifa ya kuhama katika ofisi ya manispaa. Ombi likifika Shirika la Pensheni la Japani ukiwa bado mkazi, halipokelewi. Ambatisha nakala ya pasipoti, uthibitisho wa akaunti yenye jina lako na namba yako ya pensheni.

Hesabu yake haiendi mwezi kwa mwezi, inaruka kila baada ya miezi 6. Kwa miezi 30 hadi 35, wastani wa daraja la mshahara wako huzidishwa kwa 2.7, kwa miezi 36 hadi 41 huzidishwa kwa 3.3. Tena, mwezi huhesabiwa tu ukiwa kazini hadi siku yake ya mwisho. Mwalimu aliyeanza Aprili 1 na mkataba wake ukaisha Machi 31 baada ya miaka mitatu ana miezi 36. Ukiisha Machi 30, ana 35. Kwa wastani wa yeni 300,000, siku hiyo moja inamgharimu yeni 180,000. Soma tarehe ya mkataba kabla ya kusaini, si ukiwa uwanja wa ndege.

Mkupuo wa yeni 990,000 hukatwa kodi ya asilimia 20.42, yaani yeni 202,158. Si dhuluma. Teua mwakilishi wa kodi anayeishi Japani, ikiwezekana kabla ya kuondoka, naye adai marejesho ya kodi hiyo ndani ya miaka 5.

Ukichukua mkupuo, miezi yote uliyochangia hufutwa. Raia wa Marekani au Australia, ambazo zina makubaliano na Japani ya kuunganisha vipindi vya kuchangia pensheni katika nchi zote mbili, apime kwanza. Nchi za Afrika Mashariki hazina makubaliano hayo. Na wanaozoea kuchukua mkupuo kisha kurudi kazini wajue kwamba sheria mpya itawazuia wenye kibali cha kuingia tena kuuomba hadi kibali hicho kiishe muda. Kifungu hicho kinatakiwa kuanza kutumika ndani ya miaka 4 tangu sheria itangazwe.