Upepeo wa Manyoya Haukusema "Nakupenda"

Juzi tena. Mteja kafungua bahasha, katoa picha aliyoinunua mnadani: studio ya London, miaka ya 1890, mama wa Kiingereza katika gauni la hariri, upepeo wa manyoya ya mbuni umemgusa shavu la kulia. Hata kiti hajavuta, keshaniambia: "Hapa anamjibu mtu ndiyo." Mwaka huu nimelisikia hilo hadi masikio yameota sugu.

Hiyo inayoitwa lugha ya upepeo (shavu la kulia ndiyo, la kushoto hapana, ukiupitisha shavuni nakupenda, ukiuvuta kiganjani nakuchukia) ilienezwa na vikaratasi vya Duvelleroy, mtengeneza pepeo wa Paris aliyekuwa na duka London. Ni tangazo la biashara. Siri gani hiyo ambayo kila mnunuzi anapewa ufunguo wake, mama mkwe akiwemo? Sisi wa kanga ndio tunaonaswa upesi, maana kanga kweli inasema. Lakini kanga ina jina, limechapwa, jirani analisoma.

Tena anayebisha aushike mwenyewe. Njiti za ganda la ng'amba au lulumizi, na manyoya marefu yanayomwagika kila upande. Ukiufunga, unabaki na fungu la manyoya mkononi, utaonyeshea ishara gani? Studioni ulikuwa na kazi yake: mikono. Mtu akikaa mbele ya kamera hajui mikono aipeleke wapi, na mkono ulio karibu na lenzi hutoka mkubwa kama mwiko. Mpiga picha anampa upepeo, anamgeuza kiwiko, manyoya yanaziba kiganja na kuleta weupe karibu na kidevu. Pozi mara nyingi ni la mpiga picha.

Na negativu za siku zile, yaani picha ya kinyume inayotolewa nakala za karatasi, ni kioo. Ukiiskani kwa upande usio wake, kulia kunakuwa kushoto, na "ndiyo" yako imegeuka "hapana". Kabla hujasoma mashavu, tafuta pete ya ndoa, kwani Waingereza huivaa mkono wa kushoto. (Akiwa na glavu ndefu, pole.)

Mnataka manyoya yanayosema? Tazameni kichwani. Mwanamke aliyekwenda kutambulishwa mbele ya Malkia Victoria alivaa manyoya matatu kama ameolewa, mawili kama bado. Hiyo ilikuwa amri ya ikulu, haikuwa ya muuza pepeo.

Mengine nayamaliza haraka. Eti hakutabasamu kwa sababu ilibidi agande dakika nzima? Vioo vikavu vya gelatini, vya kunasia picha upesi ndani ya kamera, viliuzwa tangu mwisho wa miaka ya 1870, na mpiga picha wa London, Van der Weyde, alikuwa na taa ya umeme studioni kwake Regent Street tangu 1877. Sekunde chache zilitosha. Alikaza uso kwa heshima, kama bibi zetu kwenye picha za ukutani.

Gauni jeusi, basi mjane? Vioo vile havikuiona vizuri rangi nyekundu. Nyekundu ilitoka karibu nyeusi, na buluu ya mbingu ikatoka karibu nyeupe. Usimwulie mtu mumewe kwa gauni jekundu.

Kila upepeo ni mbuni aliyechinjwa? Huko Oudtshoorn, Koloni la Cape (sasa Afrika Kusini), mbuni walifugwa, manyoya yakakatwa, ndege akaachwa aote mengine. Chama cha kulinda ndege kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1889 kiliwakataza wanachama manyoya ya ndege wasioliwa, kikamruhusu mbuni peke yake. Mwenye kesi ya kujibu ni kofia, maana manyoya ya yangeyange yalitoka kwa ndege waliouawa msimu wa kuzaliana.

Na kiuno cha nyigu? Korseti ilibana, sikatai. Ila fundi wa studio alikuwa na penseli na kisu: mikunjo ya uso ilizibwa kwenye negativu, kiuno kikachongwa. Chukua lenzi ya kukuzia, fuata ukingo wa gauni pale kwenye mbavu.

Mteja wangu nilimpa lenzi yangu. Pande zote mbili za kiuno pazia la nyuma lilikuwa na ukungu mwembamba, alama za fundi kabisa. Akatazama muda mrefu, kisha akaniuliza kama hiyo nayo ni ishara.