Kauboi shoti sio kofia

Leo nimetumiwa tena picha ya AI, konda wa daladala kavaa kofia pana ya kauboi na nyuma yake farasi kabisa, pale stendi. Aliyenitumia analalamika eti "nimeiandikia kauboi shoti, hii AI haielewi". Imeelewa bana, ila neno moja tu.

Kauboi shoti (shoti ya kamera, sio ile ya umeme) ni fremu inayomkata mtu katikati ya paja kwenda juu. Basi, ndo hivyo tu.

Jina limetoka kwenye filamu za Kimarekani za makauboi. Bastola inaning'inia pajani, sasa ukimkata mtu kiunoni ule mkono unaoisogelea bastola hauonekani, na ukirudi nyuma mpaka viatu vitokee uso unakuwa mdogo, macho huyaoni, lakini ukikata pajani vyote viwili unavyo. Wafaransa wanaiita plan américain, yani shoti ya Kimarekani, na sijasikia mtu akidai bendera ya Marekani itokee kwenye picha.

Ila wanaoniudhi kuliko wa kofia ni wale wanaosema kauboi shoti ni kamera kuwekwa chini ili mtu aonekane mbabe. Hapana jamani, hiyo ni pembe ya kamera! Kauboi shoti ni kata, inakwambia mwili unaishia wapi kwenye fremu, kamera iwe chini, juu au usawa wa kiuno hilo ni suala jingine, na unaweza kuwa na vyote kwenye picha moja.

AI nayo imejifunza kwa kuoanisha picha na maelezo yake, na kauboi kwenye maelezo mengi anakuja na kofia. Zipo modeli za AI za kuchora katuni za Kijapani zilizofundishwa kwa tegi (lebo za maneno zinazobandikwa kwenye picha) zenye hilo jina, hizo zinakuelewa, nyingine ni bahati yako. Na ukiandika "bila kofia" mara nyingi ndo unaikumbusha kofia.

Kwa hiyo ndugu yangu wa konda, futa hiyo kauboi, andika anaonekana kuanzia katikati ya paja kwenda juu, mkono usawa wa kiuno, noti zimekunjwa kati ya vidole (hizo ndo bastola yake), fremu ya kulala 16:9 (upana 16 kwa urefu 9). Viatu usivitaje hata kama ni vikali kiasi gani, ukivitaja tu itarudi nyuma ivionyeshe na paja utakuwa umelipoteza.