Ugomvi wa Ayalandi 1641: dini ipo, ila angalia na ng'ombe

Ukimuuliza mtu kuhusu vita vya zamani vya Ayalandi atakujibu fasta, Wakatoliki na Waprotestanti, basi. Sio uongo. Ila sisi tunaoshinda na nyaraka za kipindi kile tunakutana na mashamba na madeni kabla hata hatujafika kwenye sala.

Henry VIII, mfalme wa Uingereza, akiwa ameshagombana na Papa, alitangazwa mfalme wa Ayalandi 1541, wenyeji wengi wakabaki Wakatoliki vilevile. Halafu 1607 wakubwa wa Ulster, kule kaskazini, wakapanda meli wakakimbilia Ulaya bara, serikali ya James I, mfalme wa Uingereza wakati huo, ikataifisha ardhi yao na kuanza kuwagawia walowezi Waprotestanti kutoka Uingereza na Uskoti, na mwenyeji akajikuta anapanga kwenye shamba la babu yake.

Oktoba 1641 ikalipuka, Wakatoliki wenyeji wakaasi. Walowezi walifukuzwa, wengine wakavuliwa nguo zote na kuachwa hivyo barabarani, na msimu wenyewe ule wa baridi, kwahiyo wapo waliouawa na wapo waliokufa tu kwa baridi na njaa. Pale Portadown watu kama mia hivi walisukumwa mto Bann wakazama.

Chuo kikuu cha Trinity College Dublin wanatunza ushahidi wa viapo kama 8,000 wa walionusurika. Chukua mmoja usome: mtu anaanza kutaja ng'ombe, farasi, nafaka, miaka iliyobaki kwenye mkataba wa shamba, nani alikuwa anadaiwa na hatalipa tena, ndo baadaye anafika kwenye mauaji. Na hapo uwe makini, maana mara nyingi anasema aliambiwa, hakuona. Elizabeth Price, aliyepoteza watoto Portadown, alisimulia mpaka mzimu wa mwanamke uliosimama mtoni ukidai kisasi.

Kutoka kwenye ushahidi huohuo John Temple akaandika kitabu 1646 na idadi ya wahanga laki tatu, wakati walowezi wote hawakufika hata huko! Wanahistoria wa leo wanakadiria waliouawa ni maelfu machache. Ila London waliamini, na Cromwell, kamanda wa jeshi la Bunge la Uingereza, alipochinja watu Drogheda Septemba 1649 akasema ni hukumu ya Mungu kwa damu ya wasio na hatia. Sasa Drogheda ndo mji ambao waasi wa 1641 waliuzingira miezi kadhaa wakashindwa kuuteka, na kati ya askari aliowaua walikuwemo hadi Waingereza.

Ardhi je? 1641 Wakatoliki walikuwa bado na kama asilimia 60, sheria ya 1652 ikawanyang'anya, na hata mfalme aliporudi madarakani 1660, baada ya utawala wa kina Cromwell, waliambulia kama asilimia 20 tu.