Ngome za Wales: chakula kiliingilia wapi?

Mtu akiniletea picha ya ngome ya Harlech, swali lake huwa lile lile: kuta zake zina unene gani? Mimi humrudishia swali: chakula kiliingilia wapi? Miaka yote niliyosoma habari za mpaka wa Wales na Uingereza, sijapata swali linalofungua mambo zaidi ya hilo.

Kwanza, mpaka wenyewe haukuwa mstari. Ulikuwa ukanda mpana wa milima na mabonde, ambamo mabwana wa Kinormani, waliotoka kaskazini mwa Ufaransa, walianza kujichukulia ardhi baada ya kuiteka Uingereza mwaka 1066. Mmoja wao, William fitzOsbern, alianza kujenga ngome ya Chepstow, kwenye jabali juu ya mto Wye, mwaka mmoja tu baadaye. Mabwana hao waliendesha mahakama zao wenyewe. Amri ya mfalme ilikomea mlangoni kwao. Na ngome zao nyingi za mwanzo hazikuwa za mawe: ni kilima cha udongo uliorundikwa, mnara wa mbao juu, uzio na handaki chini. Basi.

Mambo yaligeuka alipokuja Edward I, mfalme wa Uingereza. Mwaka 1277 alivamia Wales kaskazini, na pale Rhuddlan akaamuru mto Clwyd uchimbwe na kunyooshwa kwa zaidi ya kilomita 3, ili meli zifike hadi chini ya ngome. Mfalme anayehamisha mto hawazii kuta peke yake. Llywelyn ap Gruffudd, mtawala wa Wales, alipouawa Desemba 1282, zikafuata ngome za Conwy, Caernarfon na Harlech, zote zikianza 1283, zote kando ya maji. Fundi mkuu alikuwa James wa St George, aliyetoka Savoy, eneo la milima ya Alps.

Harlech ndiyo niipendayo. Ipo juu ya mwamba, lakini kutoka chini, ambako zamani bahari ilifika, ngazi ndefu yenye kuta hupanda hadi ndani. Kikosi chake cha kawaida kilikuwa watu 30 hivi, kumi kati yao wapiga pinde za msalaba, pamoja na kasisi, mhunzi, seremala na mwashi. Wachache mno, utasema. Lakini Madog ap Llywelyn, kiongozi wa Wales, alipoasi dhidi ya Edward mwaka 1294, Caernarfon ilitekwa kwa sababu ujenzi haujaisha, ilhali Harlech ilistahimili, ikiletewa vyakula kwa meli kutoka Ireland. Edward mwenyewe alinaswa Conwy majira hayo ya baridi, chakula kikimwishia. Alipotoka, akaanza ngome ya Beaumaris, nayo ikapewa gati lake la meli. Fedha zilikauka, haikukamilika hata leo.

Conwy ilikuja kutekwa 1401, Ijumaa Kuu, bila kubomolewa jiwe: walinzi walikuwa kanisani, na wafuasi wa Owain Glyndŵr, Mwelisi aliyeongoza uasi mwingine dhidi ya Waingereza, wakaingia kwa hila, mmoja wao akijifanya seremala. Kuta za namna hiyo hazina dawa ya seremala wa uongo. Harlech nayo ilimwangukia Glyndŵr 1404, akaifanya makao yake, hadi Waingereza walipoirudisha 1409 baada ya kuihusuru kwa muda mrefu.

Siku hizi bahari imerudi nyuma. Ukishuka ile ngazi hadi lango la chini, mbele yako utaona nyasi, reli ya treni, kisha vilima vya mchanga. Maji yako mbali huko.