Kuhesabu molekuli kwa hadubini na saa: makala ya Einstein ya Mei 1905

Ukitajwa mwaka 1905, wengi hukimbilia E = mc². Kwangu makala yenye uzito zaidi ni ile iliyoifikia Annalen der Physik, jarida la fizikia la Ujerumani, tarehe 11 Mei, kuhusu chembe zinazotikisika ndani ya maji. Wakati huo wanasayansi wazito kama Mach na Ostwald walikuwa bado hawakubali kwamba atomi zipo.

Mtikisiko wenyewe Robert Brown aliuchunguza tangu 1827. Waliomfuata walikwama kwa sababu walitaka kupima mwendokasi. Chembe hugongwa na molekuli mara nyingi mno, njia yake ikajipinda kabla jicho halijaona. Kadiri unavyofupisha muda wa kupima, ndivyo "mwendokasi" unavyopanda.

Einstein akaachana na mwendokasi. Pima chembe imesogea umbali gani katika mhimili mmoja baada ya muda t, uzidishe umbali huo kwa wenyewe, rudia mara nyingi, tafuta wastani. Wastani huo ni 2Dt, ambapo D, kipimo cha jinsi chembe zinavyosambaa upesi, ni RT/(6πηrN). R ni namba thabiti ya gesi, T halijoto katika kelvini, η mnato wa maji, r nusu kipenyo cha chembe. Vyote hivyo hupimika; inabaki N, namba ya Avogadro, yaani idadi ya molekuli katika moli moja ya kitu. Kwa chembe ya kipenyo cha mikromita 1 kwenye maji ya nyuzi 17, alikadiria msogeo wa mikromita 0.8 kwa sekunde na kama 6 kwa dakika. Muda umeongezeka mara 60, umbali haufiki hata mara 8, maana hukua kwa kipeuo cha pili cha muda.

Jean Perrin, mjini Paris, alitumia chembe za utomvu wa gamboji zenye ukubwa mmoja, akiweka alama mahali zilipo kila baada ya sekunde 30. Alipata N karibu 7 × 10²³. Leo tunajua ni 6.022 × 10²³. Ostwald akakubali mwaka 1909.

Ukirudia jaribio hili, ziba kingo za kioo cha kufunikia. Maji yakivukiza, mkondo hubeba chembe zote upande mmoja na N hutoka ndogo mno. Chembe iliyo karibu sana na kioo nayo hukwama kidogo, hivyo N huzidi. Lenga zilizo katikati ya tone. Kosa la r ni baya vilevile: likiwa asilimia 10, N nayo hupotoka kwa kiasi hichohicho.

Mlinganyo huohuo, ukigeuzwa kutafuta r badala ya N, ndio unaotumiwa na mashine za kupima chembe za nano kwa mwanga.